Land Cruiser mkonga (1HZ) linachemsha likipanda mlima: ni rejeta, feni au silinda hedi?

Dereva_Manyara aliuliza:

Wakuu, habari za mihangaiko. Naomba msaada wa wanaozijua hizi injini kwa undani.

Gari ni Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994, injini 1HZ, limerefushwa kwa ajili ya kubeba watalii. Lina AC, mkonga (lile bomba refu la kuvutia hewa juu), bampa kubwa la chuma na winchi mbele. Kwenye tambarare, mwendo wa 80, mshale wa joto umetulia katikati. Shida inaanza likiacha Mto wa Mbu kupanda zile kona kuelekea Rhotia na Karatu, abiria saba na mizigo ndani. Gia ya tatu, kisha ya pili, na baada ya dakika kama kumi mshale unaiacha katikati na kukimbilia nyekundu. Kutoka chini ya kreta ya Ngorongoro kurudi juu ndiyo balaa zaidi. Likisimama linaunguruma huku AC imewashwa, mshale unapanda pia, ila polepole. Ukizima AC unashuka kidogo.

Yaliyokwisha kufanyika: tenki la juu la rejeta lilikuwa linavuja, likachomelewa. Belti za feni ni mpya. Pampu ya maji haivuji. Themostati haipo, ilitolewa na mwenye gari wa mwanzo. Maji ni ya bomba tu, hayana kulanti (dawa ya maji ya rejeta). Kila baada ya safari ndefu tunaongeza kama nusu lita.

Mafundi wawili wametoa majibu mawili. Mmoja anataka tununue rejeta kubwa ya aluminiamu. Mwingine anataka tung'oe feni ya injini tufunge feni mbili za umeme. Msimu wa wageni unaanza Juni. Tuanzie wapi?

Rejeta_Shaba alijibu:

Mkuu, fedha ya rejeta mpya iache mfukoni kwanza. Swali la kwanza kwa gari linalochemsha ni hili: linachemsha likiwa katika hali gani? Wewe umeshajibu bila kuulizwa, na jibu lako linaelekeza kwenye hewa.

Gari likienda 80 upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta wenyewe, feni haina kazi kubwa. Likipanda mlima kwa mwendo wa 25 au likisimama, hewa yote inategemea feni. Lako linatulia kwenye mwendo na linachemsha likienda taratibu. Hiyo ni feni dhaifu, au njia ya hewa imeziba, au vyote viwili. Lingekuwa linapanda joto kwenye lami mwendo wa 100 na kupoa ukipunguza, ningesema mirija ya rejeta imeziba ndani. Lingekuwa linapanda ghafla hata likiwa tupu, na hozi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe dakika tatu baada ya kuwasha, ningesema gasketi ya silinda hedi.

Kwa hiyo anza na klachi ya feni, lile duara la aluminiamu lenye mapezi lililo katikati ya feni. Ndani yake kuna mafuta mazito ya silikoni. Mbele kuna springi bapa iliyojiviringa kama konokono, inayohisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Hewa ikiwa moto, springi inafungua njia, silikoni inaingia kati ya sahani mbili na feni inashikana na injini. Silikoni ikipungua au ikichoka, feni inazunguka kivivu wakati ule ule unapoihitaji.

Kuipima huhitaji kifaa. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku mzima, washa na usikilize: klachi nzima inatoa mvumo mzito kama upepo kwa dakika moja au mbili, kisha inanyamaza. Usipousikia kabisa, shaka imeanza. Halafu panda mlima mpaka joto lianze kupanda. Mvumo ule unatakiwa urudi wenyewe, ukisikika hata ndani ya kebini. Mwisho, simama, zima injini ikiwa ya moto, toa ufunguo, kisha sukuma pezi la feni kwa mkono. Klachi nzima inakataa, inasimama kabla ya kumaliza mzunguko mmoja. Ikizunguka mara tatu au nne kwa ulaini, imekwisha. Angalia pia pale mbele kwenye mhimili wake: mstari wa vumbi lililoganda na mafuta meusi maana yake silikoni imevuja. Na uitikise feni mbele na nyuma. Ikicheza, bearing ya klachi au ya pampu ya maji imekufa.

Klachi halisi ya Toyota inaweza kujazwa upya. Inafunguliwa skrubu za pembeni, inagawanyika vipande viwili, unamwaga iliyobaki na kujaza silikoni yenye unene wa 10,000 cSt (kipimo cha uzito wa mafuta kutiririka). Kwa klachi iliyokauka, mililita 30 hadi 45 zinatosha. Usiweke oili ya injini wala grisi. Ukijaza kupita kiasi, feni inabaki imeshika muda wote, inakula nguvu na dizeli. Na akitokea fundi akasema aipige bolti au aichomelee ishikane moja kwa moja, mkatalie. Feni iliyofungwa hivyo ikiingia kwenye maji ya mto, mapezi yanapinda mbele na kuikata rejeta.

Kava la plastiki linalozunguka feni halijapasuka? Watu wengi wanaliona kama pambo. Kazi yake ni kulazimisha feni ivute hewa kupitia rejeta yote. Bila kava feni inavuta kile kiduara kilicho mbele yake tu, na hewa ya moto inarudi pembeni na kuzunguka humo humo. Vile vipande vya raba na sponji vilivyojazia mwanya kati ya rejeta na fremu vina kazi hiyo hiyo. Mafundi wakishusha rejeta mara nyingi hawavirudishi. Virudishe.

Sasa nje ya rejeta. Gari lako lina AC, maana yake kuna kondensa (ile rejeta ya gesi ya AC) mbele ya rejeta, na kati yake kuna mwanya mwembamba. Mbegu za nyasi za Serengeti na vumbi la kreta vinapita kwenye kondensa na kukwama humo katikati. Ukisimama mbele ya gari unaona kondensa safi na kusema mambo mazuri. Fungua bolti za kondensa, isogeze mbele bila kufungua mabomba ya gesi, uingize mkono wenye tochi. Huenda ukakuta kitu kama blanketi. Osha kwa maji ya kawaida na sabuni, kutoka upande wa injini kwenda mbele, yaani kinyume na hewa inavyoingia. Mashine ya presha ya kuoshea magari usiitumie kwa karibu, inalaza mapezi ya rejeta na ukishayalaza hewa haipiti tena.

Feni za umeme kwenye 1HZ sizikubali kwa kazi ya safari. Feni ya injini yenye klachi nzima inavuta hewa nyingi kuliko feni mbili za kawaida za umeme, haitegemei fyuzi wala rilei, na haiogopi maji. Ukizifunga unaongeza mzigo kwenye alteneta na kuongeza vitu vitano vinavyoweza kufa ukiwa lango la Naabi, Serengeti.

Tairi_la_Akiba aliuliza:

Samahani kwa kudandia. Rejeta_Shaba hujagusa themostati. Huku joto ni la kutosha, wengi wanaitoa na magari yanakwenda. Kwani ina kazi gani kwenye nchi kama yetu?

Nyundo_na_Tindo alijibu:

Tairi, hapo ndipo magari mengi yanapoharibiwa kwa nia njema, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Itazame themostati mpya mkononi. Juu kuna vali kubwa inayofungua njia ya kwenda rejeta. Ukiona na sahani ndogo chini ya springi, hiyo ni vali ya pili. Kazi yake ni kufunga njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi njia ya mkato iko wazi. Ikipata moto, vali kubwa inafunguka na sahani ndogo inaziba mkato, maji yote yanalazimika kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, mkato unabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta kabisa. Kwenye tambarare hulioni tatizo, kwa sababu rejeta ina uwezo wa ziada. Kwenye mlima, uwezo ule wa ziada ndio uliokuwa unauhitaji.

Upande wa pili, injini inayokimbia baridi haichomi dizeli vizuri, oili inapata masizi na silinda zinalika mapema.

Ipime kabla hujaifunga, hata kama ni mpya. Sufuria, maji, kipimajoto, na uzi. Ining'inize themostati isiguse chini ya sufuria. Ile iliyoandikwa 82 inatakiwa ianze kufunguka karibu na nyuzi hizo, na maji yakifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Walio Arusha mjini wazingatie jambo moja: mwinuko wa mita 1,400 unafanya maji ya sufuria yachemke karibu nyuzi 95, hayapandi zaidi ya hapo. Kwa hiyo ikiwa maji yanatokota na themostati imefunguka nusu tu, usiifunge.

Wakati wa kufunga, kile kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza kiwe juu kabisa, pale penye namba 12 kwenye uso wa saa. Hapo ndipo hewa inapotokea. Ukikiweka chini, hewa inanasa na unaanza kutafuta ugonjwa mwingine ambao haupo.

Dereva_Manyara, kuhusu ile nusu lita: anza na mfuniko wa rejeta. Mfuniko si kizibo, ni vali mbili. Springi kubwa inashikilia presha, kwa magari haya mara nyingi 0.9 imeandikwa juu yake. Vali ndogo ya katikati inaruhusu maji yarudi kutoka riziva (kile kitenki cha maji ya akiba) injini ikipoa. Kwenye ukingo wa kreta, mita 2,300 hivi, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 92. Yakiwa na presha ya 0.9 hayachemki mpaka yapite 110. Hiyo ndiyo tofauti ya mpira mmoja uliokauka! Ukikuta hozi ya juu imenyauka na kujibana asubuhi, vali ndogo imeganda. Ukikuta maji ya riziva hayapandi wala hayashuki kamwe, mpira wa mfuniko hauzibi au shingo ya rejeta imeharibika. Badilisha mfuniko kila miaka miwili, bila kusubiri ishara.

Kaskazi4x4 (Kenya) alijibu:

Hamjambo ndugu zangu. Niongeze ya upande wa dereva, kwa maana hata redieta nzima inaweza kuchemka ukiendesha vibaya kwenye mchanga, na huku kwetu jangwa la Chalbi na njia za Turkana hilo linajulikana.

Injini ikizunguka pole pole huku umekanyaga mafuta mpaka mwisho, joto linatengenezwa kwa wingi lakini pampu ya maji na feni zinazunguka pole. Shuka gia mapema. Kwa 1HZ, mlima mrefu uupande kati ya mizunguko 2,000 na 2,800 kwa dakika, mguu ukiwa nusu. Kwenye mchanga laini weka gia za nguvu, zile za lo, punguza hewa ya matairi, na usisubiri gari lianze kulalamika. Upepo ukitoka nyuma yako kwa kasi ile ile unayoenda, feni ndiyo peke yake inayofanya kazi. Ukiona joto linapanda, geuza gari uso uelekee upepo, simama, acha injini izunguke kama 1,200 hadi 1,500 kwa dakika mbili tatu. AC izimwe, hita ifunguliwe mpaka mwisho na feni yake iwe juu. Hita ni redieta ndogo ya pili.

Ila kuna hali moja ambayo hutakiwi kuacha injini iwake: maji yakiwa yamemwagika. Hozi imepasuka, mvuke mweupe, zima papo hapo. Na hapa geji inadanganya watu. Sensa ya joto inapima maji. Maji yakiisha inabaki imezungukwa na mvuke au hewa, mshale unaweza hata kushuka, dereva anafurahi na injini inaungua. Kwa sababu hiyo fungeni kipimajoto cha pili chenye sensa ya kushikwa na bolti kwenye chuma cha silinda hedi, kiwe na kengele. Wekeni kengele ilie kwenye nyuzi 100 hivi. Mshale wa kiwandani wa Toyota za miaka ile umetengenezwa utulie katikati kwa masafa marefu ya joto. Ukiuona umeanza kutembea, joto lilishapanda zamani.

Mfuniko usifunguliwe kabla ya dakika 40. Funika kwa kitambaa kizito, zungusha mpaka kituo cha kwanza, subiri mlio uishe, ndipo utoe. Maji baridi msimwage kwenye injini yenye moto. Washa, iache izunguke, ongeza kidogo kidogo.

Juu ya mbegu za nyasi: wavu wa mbu wa chuma au nailoni mbele ya grili unasaidia sana, mradi uwe rahisi kutoa. Wavu uliojaa mbegu unaziba hewa sawa na mbegu zenyewe. Kwenye nyasi ndefu, kung'uta kila mkisimama.

Dereva_Manyara aliandika:

Nashukuruni sana, kaka zangu. Tumefanya hivi tangu juzi:

Feni ikiwa ya moto inazunguka mara tano kwa kuisukuma. Mvumo wa asubuhi hakuna. Kondensa tumeisogeza, na kweli, nusu ya chini ya rejeta imefunikwa na mbegu zilizogandamana na udongo, unene kama wa kidole. Kava la feni limevunjika upande wa chini kulia.

Kabla ya kusafisha tulipima kwa kile kipimajoto cha kumulika, gari likiwa limesimama mizunguko 1,500 na AC imewashwa: bomba la juu la rejeta 98, la chini 92. Vipimo hivi vinasema nini? Na maji yamefanana na chai ya rangi, ya kutu. Tusafishe vipi ndani?

Rejeta_Shaba alijibu:

Nyuzi 98 na 92, tofauti ya sita, na zote ziko juu. Maji yanapita vizuri ila hayanyang'anywi joto. Ni hewa, kama tulivyodhani. Mirija ingekuwa imeziba ndani, maji yangepita kidogo kidogo na kupoa sana njiani, ungeona 98 juu na 65 chini. Hata hivyo, pitisha kipimajoto juu ya uso wa rejeta mstari kwa mstari, ukiwa umeshaisafisha nje. Ukikuta eneo la ubaridi katikati ya moto, mirija ya hapo imekufa.

Rangi ya kutu inatokana na maji matupu. Maji ya visima vya kwetu yana chumvichumvi nyingi. Yakipata moto yanaacha gamba jeupe ndani ya mirija, na gamba hilo ni kama blanketi. Sasa, rejeta yako ni ya shaba yenye matenki ya kuchomelewa? Ihifadhi kama dhahabu. Fundi rejeta mzuri anafungua tenki la juu, anapitisha waya bapa kwenye mrija mmoja mmoja, anarudisha kwa kulehemu kwa risasi. Ile ya aluminiamu yenye matenki ya plastiki haifunguki namna hiyo. Ikiziba ndani unaitupa.

Ukitaka kusafisha bila kushusha: mwaga maji yote, pamoja na ya kwenye bloku kupitia plagi yake ya pembeni, maana rejeta peke yake inaacha uchafu mwingi ndani ya injini. Jaza maji safi yenye asidi ya limau ya unga, gramu 50 kwa kila lita. Washa, ifike nyuzi 80, iendeshe nusu saa. Mwaga ikiwa bado vuguvugu. Suuza mara tatu au nne mpaka maji yatoke meupe. Asidi isilale humo usiku. Na ujiandae: kama kutu ndiyo iliyokuwa inaziba tundu dogo, baada ya kusafisha litavuja. Afadhali livuje gereji kuliko Olduvai.

Kisha kulanti. Hatuogopi barafu, tunataka dawa ya kuzuia kutu na kule kupandisha kiwango cha kuchemka. Mfumo huu unachukua lita 11 hadi 13 kutegemea hita, kwa hiyo lita sita za kulanti isiyochanganywa na zilizobaki maji ya betri au ya mvua yaliyochujwa. Kijani na nyekundu usizichanganye, nyingine zikikutana zinaganda kama uji na kuziba mirija. Nunua kwa unayemwamini, kuna chupa zenye maji ya rangi tu.

Kutoa hewa: gari lielekee mlimani kidogo ili shingo ya rejeta iwe juu kuliko vyote, koki ya hita iwe wazi. Jaza polepole. Washa mfuniko ukiwa wazi, mizunguko 1,500, ukiwa unaminya hozi ya juu kwa mkono wenye glavu. Themostati ikifunguka kiwango kinashuka ghafla. Ongeza, funika, kesho yake asubuhi angalia tena.

Nyundo_na_Tindo alijibu:

Kabla hujaridhika, hakikisha kuchemsha kote huko hakujaumiza silinda hedi. Kwenye 1HZ sehemu dhaifu ni pale kati ya vali na ile chemba ndogo ya mwako. Huko ndiko nyufa zinakoanzia, hasa kwa zilizoongezwa turbo bila kupunguza dizeli.

Asubuhi, injini baridi kabisa, toa mfuniko, jaza maji mpaka shingoni, mtu mwingine awashe. Tazama maji. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonasa. Mapovu yanayoendelea kwa mpigo, yanaongezeka ukikanyaga mafuta, yakiwa na harufu ya moshi, hiyo ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Kipimo cha pili: pampu ya presha kwenye shingo ya rejeta, ifikishe 0.9, uiache usiku kucha. Mshale ukishuka na chini hakuna tone, fungua nozeli au plagi za kupasha moto, zungusha injini kwa stata, uone kama maji yanaruka kutoka silinda gani. Ile dawa ya buluu inayobadilika rangi kwa gesi ya mwako ni nzuri, ila kwa dizeli isome gari likiwa limetoka kupanda mlima. Likiwa linaunguruma tu, gesi ni kidogo na dawa inaweza isibadilike.

Ikibidi hedi ishuke, gasketi za 1HZ ziko unene tofauti zenye alama zake. Unachagua kwa kupima pistoni zinatokeza kiasi gani juu ya bloku, haichaguliwi kwa iliyopo dukani.

Na moshi? Likipanda na kutoa moshi mweusi mzito nyuma, kuna mtu ameongeza dizeli kwenye pampu. Mwinuko wa Ngorongoro una hewa nyepesi, dizeli ile ile inakosa hewa ya kuunguza, inabaki kuwa joto kwenye ekzosi na hedi. Irudishe pampu kwenye kipimo chake, na kichujio cha hewa kiangaliwe. Mkonga hauzuii vumbi, unalichota juu zaidi tu.

Tairi_la_Akiba aliuliza:

Sisi wa Land Rover Defender 300Tdi tunafuata hayo hayo?

Kaskazi4x4 alijibu:

Feni, mfuniko na usafi ni yale yale. Tofauti ni tatu. Hedi yake ni ya aluminiamu, haisamehe hata kuchemka mara moja, kwa hiyo kengele ya joto si anasa. Pili, kuna gasketi nyuma ya pampu ya maji yenye umbo la herufi P. Inavuja kidogo kidogo upande wa mbele wa injini na watu wanaibadilisha pampu bure. Tatu, hewa. Fungua plagi ya juu ya redieta na ile ya nyumba ya themostati, jaza kupitia pale kwenye themostati mpaka maji yatokee kwote, ndipo ufunge. Plagi za plastiki zinakatika, badilisha uweke za shaba. Gasketi ya hedi ina matundu pembeni: moja ni milimita 1.3, mawili 1.4, matatu 1.5. Hesabu matundu ya ile iliyotoka kabla ya kununua.

Dereva_Manyara aliandika:

Mrejesho. Klachi imejazwa mililita 36, kava limepatikana la mtumba, themostati ya 82 imefungwa baada ya kuipima sufuriani, mfuniko mpya. Rejeta imesafishwa nje na ndani, imerudishwa na sponji zake. Mapovu hakuna, presha imekaa usiku mzima. Jana limepanda Rhotia na mzigo ule ule, AC imewashwa: kipimajoto cha pili, kile cha kwenye chuma cha silinda hedi, kimefika 93 na kubaki hapo. Mvumo wa feni unasikika ukifika kona ya tatu. Kupanda kutoka kreta kimegusa 96.

Winchi niiache mbele?

Rejeta_Shaba alijibu:

96 kwenye mlima ule na mzigo ule ni sawa. Winchi iache, ila zile taa kubwa na dumu, kama vipo mbele ya grili, vihamishe. Baada ya kilomita 500 kaza klipu za hozi injini ikiwa baridi, na belti mbili za feni uzipime tena, mpya zinanyooka. Zikichakaa zibadilishwe zote mbili pamoja. Chora alama kwa kalamu kwenye riziva asubuhi injini ikiwa baridi. Ikishuka chini ya alama wiki hii na wiki ijayo tena, rudia kipimo cha mapovu kabla ya kuongeza maji.